Aina za Mauaji ya Watu Wengi: Jinsi Wataalamu wa Jinai Wanavyozitenga

Katika miaka ya 1994 na 1995 maiti za wanawake zilikuwa zikigunduliwa, mojamoja na baadaye kwa mafungu, katika nyika na vichaka vilivyo karibu na miji ya Pretoria na Johannesburg huko Afrika ya Kusini. Baadhi zilionekana Cleveland, katika Johannesburg; nyingine Atteridgeville, magharibi ya Pretoria; nyingine Boksburg, karibu na migodi. Wengi wa marehemu walikuwa watu waliotoka nyumbani kwenda kutafuta kazi. Mtu mmoja aliyeshukiwa kwa mauaji ya Cleveland alikamatwa Desemba 1994, akapigwa risasi na polisi na kufa kabla ya kufikishwa mahakamani. Hata hivyo, maiti hazikukoma kuonekana.

Swali lililowakabili wapelelezi lilikuwa rahisi kulitamka, lakini gumu kulijibu. Je, hivyo vilikuwa vifo mbalimbali, vilivyosababishwa na watu mbalimbali, kila kimoja kwa kisa chake? Au ilikuwa kazi ya mkono mmoja? Kama vifo havikuhusiana, ilikuwa sawa kila mpelelezi akae na jalada lake na kuwahoji waume, wapenzi na majirani wa marehemu. Kama mkono ulikuwa mmoja, njia hiyo ingekuwa kupoteza wakati: majalada yalipaswa kuwekwa juu ya meza moja, na kutafutwa mtu mgeni kwa marehemu wote, ambaye desturi yake inajirudia.

Oktoba 1995 alikamatwa Moses Sithole, mtu aliyekuwa akiwaahidi wanawake ajira na kisha kuwaongoza hadi mahali pasipo watu. Desemba 1997 mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji ya watu 38 pamoja na makosa mengine mengi, akahukumiwa vifungo ambavyo jumla yake ni miaka 2,410.

Tofauti kati ya mauaji 38 yasiyohusiana na mauaji 38 ya mtu mmoja haionekani kwa kuitazama maiti moja. Huonekana kwa kulinganisha. Kazi hiyo ya kulinganisha, kutenga na kuunganisha ndiyo ambayo katika elimu ya jinai huitwa uainishaji, na makosa yake huweza kugharimu maisha ya watu.

Kuainisha ni kuchagua kigezo

Mwanafunzi wa elimu ya viumbe anafahamu kwamba popo huruka kama ndege, lakini huzaa na kunyonyesha kama mnyama. Mtu anayegawa viumbe kwa kigezo cha kuruka atamweka popo pamoja na kunguru. Anayegawa kwa kigezo cha kunyonyesha atamweka pamoja na ng'ombe. Popo mwenyewe habadiliki. Kinachobadilika ni kigezo. Kigezo bora ni kile kinachomwezesha mtafiti kutabiri mambo asiyoyaona bado: ajuaye kwamba popo ni mnyama anyonyeshaye atatarajia kukuta moyo wake, damu yake na mifupa yake ikifanana na ya wanyama wenzake, na hatakosea.

Wataalamu wa elimu ya jinai wana kazi kama hiyo, ingawa wanachokigawa ni matendo ya binadamu. Mauaji yaliyo mengi duniani ni ya mtu mmoja kumwua mtu mmoja. Pale mtu mmoja au kundi dogo linapoua watu kadhaa, wataalamu huuliza mambo manne: waliouawa ni wangapi? Waliuawa mahali pamoja au pengi? Kati ya kifo cha kwanza na cha mwisho ulipita muda gani? Na mwuaji alikuwa akitafuta nini?

Tangu mwanzo yafaa kutaja mambo yasiyoingia katika mgawanyo huu. Mauaji ya kimbari, kama yale ya Rwanda ya mwaka 1994, yana sheria yake ya kimataifa tangu Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948. Hutambuliwa kwa nia ya kuangamiza kundi la watu kwa sababu ya taifa, kabila, rangi au dini yake, wala si kwa hesabu ya maiti peke yake. Vita na ugaidi navyo huchunguzwa kwa njia zake. Makala haya yanahusu mauaji ya watu wengi yanayofanywa na raia, katika jamii iliyo katika amani.

Mkupuo, mwendo mmoja na mfululizo

Mgawanyo uliopata umaarufu mkubwa ulitolewa na wapelelezi na watafiti waliofanya kazi na Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, katika miaka ya 1980, na kuchapishwa katika mwongozo wao wa mwaka 1992. Ulikuwa na mafungu matatu.

La kwanza ni mauaji ya mkupuo. Watu wanne au zaidi huuawa mahali pamoja, katika tukio moja lisilo na mapumziko. Mwuaji wa namna hii aghalabu hafichi uso wake, na mara nyingi hufa papo hapo, kwa mkono wake mwenyewe au kwa risasi za polisi.

La pili ni mauaji ya mwendo mmoja. Mwuaji huua mahali pawili au zaidi, akihama kutoka hapa hadi pale, lakini tendo lote huhesabiwa kuwa moja, kwa kuwa hakuna wakati aliporudi katika maisha ya kawaida.

La tatu ni mauaji ya mfululizo. Haya yalihitaji vifo vitatu au zaidi, katika matukio yaliyotengana, na kati ya tukio na tukio pawe na muda ambao wataalamu waliuita kipindi cha kupoa. Katika kipindi hicho mwuaji hurudi kazini, hula pamoja na jamaa zake na kuwasalimu majirani. Kipindi hicho kinaweza kuwa siku, miezi au hata miaka.

Kipindi cha kupoa ndicho kiini cha mgawanyo wote. Mwuaji wa mkupuo anapokuwa ameanza, kazi ya polisi ni kumzuia katika dakika chache zijazo. Mwuaji wa mfululizo hujulikana kwa kazi ya miezi mingi ya kulinganisha kumbukumbu, na wakati huo wote yumo miongoni mwa watu. Hivyo mafungu haya hayakuundwa kwa ajili ya vitabu tu, bali yalikusudiwa kuonyesha ni msaada gani unaotakiwa, na wapi.

Visa visivyokaa katika fungu lolote

Mgawanyo huo ulipojaribiwa kwa visa halisi ulionyesha nyufa. Tarehe 1 Agosti 1966 Charles Whitman alipanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas katika mji wa Austin, akawapiga watu risasi na kuua zaidi ya kumi. Kisa hicho hutajwa mara kwa mara kama mfano wa mauaji ya mkupuo. Lakini usiku uliotangulia alikuwa amemwua mama yake katika nyumba moja, na mkewe katika nyumba nyingine. Ikihesabiwa kazi ya mnarani peke yake, ni mkupuo. Ukihesabiwa usiku pamoja na mchana, mahali ni patatu, na jina linalostahili ni mwendo mmoja.

Charles Starkweather, kijana wa Lincoln katika jimbo la Nebraska, aliua watu kumi mwezi Januari 1958 katika muda wa siku chache, akikimbia kwa gari hadi Wyoming alikokamatwa. Huo ni mwendo mmoja bila shaka. Hata hivyo, tarehe 1 Desemba 1957 alikuwa amekwisha kumwua mfanyakazi wa kituo cha petroli, kisha akakaa majuma saba kama kwamba hapakutokea kitu. Majuma saba hayo ni kipindi cha kupoa. Je, aitwe mwuaji wa mwendo mmoja au wa mfululizo?

Mwanasayansi anapokutana na visa vya namna hii ana njia mbili. Aweza kuongeza mafungu mapya mpaka kila kisa kipate chumba chake, au aweza kurudi na kuuliza kama ukuta uliojengwa kati ya mafungu mawili ulikuwa na faida yoyote. Mwaka 2005 wataalamu zaidi ya mia moja kutoka nchi kadhaa walikutana San Antonio, Texas, kwa mwaliko wa FBI, kulijadili jambo hilo. Taarifa yao, iliyotolewa mwaka 2008, ilichagua njia ya pili. Fungu la mwendo mmoja liliachwa, kwa maelezo kwamba halikuwapa wapelelezi msaada wowote na kwamba kipindi cha kupoa hakina kipimo: hakuna awezaye kusema ni saa ngapi zinatosha kumpoza mtu. Mauaji ya mfululizo yalipewa maana fupi, yaani kuuawa kwa watu wawili au zaidi, na mhalifu yuleyule au wahalifu walewale, katika matukio yaliyotengana.

Wawili, watatu au wanne?

Msomaji atakuwa ameona kwamba tarakimu zinabadilika. Mwongozo wa mwaka 1992 ulitaka vifo vitatu ili mfululizo uitwe mfululizo. Sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1998 ilitaka vitatu vilevile. Mkutano wa San Antonio ukaona viwili vyatosha. Kwa upande wa mauaji ya mkupuo, watafiti wengi walitumia vifo vinne, lakini sheria ya Marekani iliyotiwa sahihi Januari 2013 inataja vitatu.

Mabadiliko hayo hayatokani na uzembe. Mtafiti anayetaka kulinganisha nchi na nchi, au mwongo na mwongo, huhitaji tarakimu kubwa kidogo ili asichanganye visa vya bahati mbaya na visa vya makusudi yanayojirudia. Mpelelezi hawezi kusubiri. Kumwambia kwamba asiwaite wenzake mpaka afe mtu wa tatu ni kumwomba akubali kifo hicho. Kwa hiyo kila anayesoma kwamba mauaji ya aina fulani yameongezeka au yamepungua hana budi kuuliza kwanza: yamehesabiwa kuanzia tarakimu ipi? Kwa kuishusha tarakimu kutoka nne hadi tatu, mtu aweza kuongeza idadi ya matukio bila mtu hata mmoja zaidi kuuawa.

Kutoka Düsseldorf hadi Quantico

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1930 Ernst Gennat, mkuu wa wapelelezi wa mauaji katika polisi ya Berlin, aliandika juu ya mauaji yaliyoutia hofu mji wa Düsseldorf. Mtu aliyeyatenda, Peter Kürten, alimwita kwa neno la Kijerumani lenye maana ya mwuaji wa mfululizo. Gennat alisifika kwa kupanga kumbukumbu za mauaji kwa utaratibu.

Huko Marekani mpelelezi Pierce Brooks wa Los Angeles alifikia wazo kama hilo mwishoni mwa miaka ya 1950. Alishuku kwamba mauaji aliyokuwa akiyachunguza hayakuwa ya kwanza kwa mtu aliyeyafanya. Kwa kuwa hapakuwa na daftari moja la nchi nzima, alitumia saa zake za mapumziko maktabani, akipekua magazeti ya zamani ya miji mingine akitafuta kisa kinachofanana. Tangu wakati huo alishikilia kwamba kazi hiyo ingefaa ifanywe na kompyuta. Ilimbidi asubiri zaidi ya miaka 25. Mwaka 1985 FBI ilianzisha, katika chuo chake cha Quantico jimboni Virginia, mpango wa kukusanya taarifa za mauaji kutoka majimbo yote, na Brooks akawa msimamizi wake wa kwanza.

Ugonjwa ambao mpango huo ulikusudiwa kuutibu ulipewa jina mwaka 1984 na mtaalamu Steven Egger. Aliuita, kwa tafsiri, upofu wa viunganishi. Maana yake ni kwamba polisi wa wilaya mbili wanaweza kuwa na nusu mbili za habari moja, na wasijue, kwa sababu mpaka wa wilaya unazuia barua, lakini haumzuii mwuaji.

Kugawa kwa nia ya mwuaji

Baada ya kugawa kwa wakati na mahali, wataalamu walijaribu kugawa kwa nia. Mgawanyo mashuhuri ni ule wa Ronald Holmes na James De Burger wa miaka ya 1980, uliowapanga wauaji wa mfululizo katika mafungu manne: anayedai kuamrishwa na sauti au maono, anayejiona ametumwa kuondoa watu wa aina fulani duniani, anayetafuta raha au faida, na anayetafuta kumtawala mwenzake. Wapelelezi wa FBI nao walikuwa na mgawanyo wao wa mafungu mawili: wauaji waliojipanga na wauaji wasiojipanga. Mgawanyo huo ulitokana na mahojiano na wafungwa 36 nchini Marekani.

Migawanyo hii ilienea upesi, hata katika riwaya na sinema. Lakini jambo linaloenea si lazima liwe limethibitishwa. Wafungwa 36 ni sampuli ndogo, ya nchi moja, tena ya watu waliokamatwa na kukubali kuzungumza. Mwaka 2004 mwanasaikolojia David Canter na wenzake nchini Uingereza waliamua kuipima. Walichukua mauaji 100 yaliyofanywa na wauaji wa mfululizo 100 wa Marekani, wakaorodhesha sifa za kila tukio. Hoja yao ilikuwa hii: ikiwa mafungu ni ya kweli, sifa za fungu moja zitaonekana pamoja katika matukio yaleyale, na zitatengana na sifa za fungu jingine, kama vile manyoya na mdomo wa ndege huonekana pamoja, na visionekane kwa samaki.

Matokeo hayakuunga mkono mafungu hayo. Sifa za kujipanga zilionekana katika matukio mengi zaidi kuliko nadharia ilivyotazamia, na sifa za kumtawala aliyeuawa hazikuwa alama ya fungu moja, bali zilienea karibu kote. Kwa maneno mengine, kile kilichodhaniwa kuwa aina kilikuwa jambo la kawaida kwa wote. Utafiti huo hausemi kwamba wauaji wote ni sawa, ila mipaka iliyochorwa kati yao haikuwa mahali pake.

Daktari wa Hyde

Hatari ya mafungu mabaya ni kwamba humfundisha mtu mahali pa kutazama, na hivyo pia humfundisha mahali pa kutotazama. Picha iliyokuwa vichwani mwa watu wengi ni ya mwuaji mgeni, anayetembea usiku na kuacha dalili za ukatili. Harold Shipman hakuwa na lolote katika hayo. Alikuwa daktari katika mji mdogo wa Hyde, karibu na Manchester, akiheshimiwa na wagonjwa wake. Wengi wa aliowaua walikuwa wanawake wazee. Aliwatembelea nyumbani mchana, akawadunga sindano ya dawa ya kutuliza maumivu kupita kiasi, kisha yeye mwenyewe akaandika cheti cha kifo.

Machi 1998 daktari wa zahanati jirani alitoa taarifa kwamba vifo vya wagonjwa wa Shipman vilikuwa vingi kupita kiasi. Zahanati yake, yenye wagonjwa wapatao mara tatu ya wale wa Shipman, haikuwa na vifo vingi kama vyake. Polisi walichunguza kwa muda mfupi, hawakuona dalili ya uhalifu, wakafunga jalada. Baada ya hapo waliuawa wanawake wengine watatu. Shipman alikamatwa Septemba 1998, na Januari 2000 alitiwa hatiani kwa mauaji ya wagonjwa 15. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji Janet Smith ilikuta, katika taarifa yake ya mwaka 2002, kwamba aliwaua watu 215, yaani wanawake 171 na wanaume 44. Baadaye tume ilikadiria kwamba jumla yafikia 250.

Kila kifo kilipotazamwa peke yake, kilikuwa kifo cha mzee mgonjwa. Vilipowekwa pamoja vilisema jambo jingine. Saa za vifo zilipochorwa katika grafu, ilionekana kwamba wagonjwa wa madaktari wengine walikufa saa zote za mchana na usiku, karibu kwa usawa. Wagonjwa wa Shipman walikuwa wamekufa kwa wingi usio wa kawaida mara tu baada ya adhuhuri, saa ambazo daktari huyo alikuwa akizunguka majumbani.

Hesabu inayoweza kufanyiwa kazi darasani

Wanatakwimu wa Uingereza, miongoni mwao David Spiegelhalter, walichunguza baadaye kama kengele ingeweza kulia mapema. Walitumia mtihani wa hatua kwa hatua uliobuniwa na Abraham Wald huko Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa ajili ya kukagua zana za kivita. Waliona kwamba vyeti vya vifo vya Shipman, kama vingekusanywa na kujumlishwa, vingetoa onyo zaidi ya miaka kumi kabla ya kukamatwa kwake.

Msingi wake waweza kueleweka kwa mfano wa kubuni. Tuseme zahanati hutazamia vifo 10 vya wazee kwa mwaka. Matukio ya namna hii hupanda na kushuka kwa bahati, kwa kiasi kinachokaribia kipeuo cha pili cha wastani wake, yaani hapa kama 3. Mwaka mmoja ukiwa na vifo 15, ziada ni 5, ambayo haifiki hata mara mbili ya 3. Hakuna wa kulaumiwa. Lakini tuseme vifo ni 15 kila mwaka kwa miaka mitano. Vilivyotazamiwa ni 50, kipeuo chake ni kama 7, na vilivyotokea ni 75. Ziada ya 25 ni zaidi ya mara tatu ya 7. Bahati tupu huleta jambo kama hilo chini ya mara moja katika elfu. Yaani ziada ileile iliyokuwa si kitu katika mwaka mmoja imekuwa onyo kubwa katika mitano, kwa sababu tu ilijumlishwa.

Hata hivyo, onyo si hukumu. Nchi yenye madaktari elfu kadhaa itakuwa, kwa bahati tupu, na wachache wanaovuka kiwango cha moja katika elfu, na pengine wote hawana hatia: mmoja huenda anahudumia nyumba ya wazee, mwingine wagonjwa mahututi. Uholanzi ililisahau hilo. Muuguzi Lucia de Berk alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2003, kwa kiasi fulani kwa sababu mahakama ilielezwa kwamba kuwapo kwake zamu wakati wa vifo na ajali nyingi kungeweza kutokea kwa bahati mara moja tu katika mara milioni 342. Wanatakwimu walipoirudia hesabu hiyo waliona imefanywa vibaya, na baadhi ya vifo vilivyoitwa mauaji vilionekana kuwa vya kawaida. Aprili 2010 mahakama ilimwondolea hatia. Hapakuwa na mwuaji, wala hapakuwa na mauaji.

Hyde na Uholanzi ni pande mbili za kosa moja. Katika Hyde vifo vilivyohusiana vilitengwa. Uholanzi vifo visivyohusiana viliunganishwa. Mgawanyo wowote wa kisayansi hupimwa kwa makosa hayo mawili, na kulipunguza moja bila kujali jingine ni rahisi mno: anayemshuku kila mtu hatamkosa mwuaji, na asiyemshuku yeyote hatamfunga asiye na hatia.

Somo kutoka Afrika ya Mashariki

Mafungu yaliyotengenezwa Marekani hayatoshi kwa kila nchi. Tarehe 17 Machi 2000 waumini wa kundi moja la dini waliteketea kwa moto katika kanisa lao huko Kanungu, kusini magharibi ya Uganda. Habari za kwanza zilizotangazwa duniani ziliuita msiba huo kujiua kwa pamoja. Jina hilo lingekubaliwa, uchunguzi ungeishia hapo, maana aliyejiua hana wa kushtakiwa. Lakini madirisha na milango ilikutwa imepigiliwa misumari, na siku zilizofuata yalifukuliwa mashimo yenye maiti katika maeneo mengine ya kundi hilo, pamoja na Buziga mjini Kampala. Watu hao walikuwa wamekufa kabla ya moto. Polisi wakabadilisha jina la tukio kuwa mauaji, wakatoa hati za kuwakamata viongozi. Kwa hesabu ya mafungu matatu, kisa hicho ni cha mfululizo na cha mkupuo kwa pamoja.

Nchini Tanzania, mauaji ya watu wenye ulemavu wa ngozi, yaliyoshtua taifa hasa tangu miaka ya 2007 na 2008, yanafundisha jambo jingine. Njia ilikuwa moja na waliolengwa walikuwa wa namna moja, hata mtu wa mbali angeweza kudhani kwamba mwuaji ni mmoja. Sivyo ilivyokuwa. Waliotenda walikuwa wengi, wasiojuana, wakiunganishwa na imani potofu na tamaa ya fedha. Kumtafuta mwuaji wa mfululizo kungekuwa kazi bure. Kilichotakiwa ni kuwakamata wote, pamoja na wanunuzi, na kuing'oa imani yenyewe. Ndiyo maana Januari 2009 Serikali ilichukua hatua ya kufuta vibali vya waganga wa jadi.

Kwa hiyo mwalimu anayewafundisha wanafunzi wake uainishaji wa mimea na wanyama anaweza kuwaonyesha kwamba kazi hiyo haiishii kwenye maabara. Nchini Uingereza na Wales, tangu Septemba 2024, kila kifo kisichopelekwa kwenye uchunguzi wa kisheria lazima kikaguliwe na daktari mwingine asiyemhudumia marehemu. Utaratibu huo umechelewa zaidi ya robo ya karne tangu siku daktari jirani wa Hyde alipotoa taarifa yake. Alikuwa amefanya kile ambacho sayansi humtaka kila mmoja afanye: alihesabu, akalinganisha, akauliza kwa nini. Waliopokea taarifa yake walitafuta dalili za aina ya mauaji waliyoizoea, na walipoikosa wakadhani kwamba hapakuwa na mauaji.